Kilo Zilizobaki

Kazi yangu ilikuwa kupima watu. Sikuwa nesi. Nilikuwa ofisi ya mjini ya ndege, hatua chache kutoka Mnazi Mmoja, na kila abiria wa kusini aliyetaka kupanda ile ndege ndogo alipanda kwanza mizani yangu. Wenzao wa ndege kubwa walikata tiketi wakaenda zao. Wa ile ndogo, hapana. Njoo hapa, vua viatu, shusha kikapu, simama wima, usishike ukuta.

Tuliiita hivyo tu, ile ndogo. Injini mbili, mabawa juu ya vichwa vya watu, magurudumu yasiyokunjika, viti tisa vya abiria na kimoja cha rubani, na mlango unaofungwa kwa mkono kisha unausukuma kwa nyonga kama wa kabati. Ilienda Mafia, Kilwa, Lindi, Mtwara, na siku nyingine Nachingwea. Masika yakikolea na Rufiji ikifurika, barabara ya kusini ilikuwa haipo, na hapo ile ndogo ikawa basi, ikawa lori, ikawa posta na gari la wagonjwa. Nimeipakia makasha ya chanjo yenye barafu, karatasi za mitihani ya darasa la saba, magazeti ya juzi, vifaranga waliolia njia nzima, bibi harusi na sanduku lake, na mara moja mguu wa bandia uliosafiri peke yake kumfuata mwenyewe Mtwara. Haikupumzika ila siku mafundi walipoifungua injini.

Asubuhi rubani alinipigia simu kunipa hesabu yake. Akisema mia saba na ishirini, maana yake watu na vikapu vyao na kila kitu kisizidi kilo mia saba na ishirini. Hakuwa anatania. Uwanja wa Dar ni mrefu, hata jiwe litaruka, lakini kiwanja cha Kilwa kilikuwa kifupi, cha udongo, na mwishoni kuna minazi. Kwa hiyo mimi nilipima, nikaandika, nikajumlisha. Na kama baada ya wote wenye tiketi kulikuwa na kilo zilizobaki, nilitazama benchi.

Benchi lilikuwa la watu wasio na nafasi. Orodha ya kusini ilijaa wiki tatu mbele, basi mwenye shida alikuja kukaa pale tangu asubuhi na kikapu chake akisubiri hesabu yangu. Kilo zikibaki hamsini, mtu wa kilo sabini alibaki amekaa na mwembamba akaondoka. Wanene walinichukia. Na sheria ya benchi ilijulikana na wote: aliyeingia kwa kilo zilizobaki ndiye wa kwanza kushuka likitokea jambo.

Nilikuwa na mdomo, sikatai. Siku zile sukari ilikuwa ya kusikia, sabuni ya kukata vipande, na watu walikuwa wanapeleka kwao chochote walichopata kwenye foleni. Mama mmoja alipanda mizani, jicho langu likasema sabini, mizani ikasema themanini na mbili. Nikamwambia, "Mama, umemeza nini?" Akaniambia ana mimba. Nikamgusa kiunoni, mimba inachakarika. Pakiti za sukari, zimefungwa kwa kanga kama mkanda! Ofisi nzima ikacheka, na yeye mwenyewe akacheka, lakini nilimvua pakiti nane zikarudi kwa dada yake aliyemsindikiza. Alipoanza kunibembeleza nikamjibu neno nililomjibu kila mtu: "Mizani haina mjomba."

Jicho langu lilikuwa zuri, sijisifu. Mtu akiingia mlangoni nilishajua kilo zake, na nikikosea nilikosea mbili, tatu. Wenzangu walinichezesha wakati wa chai kwa kunionyesha wapita njia dirishani.

Baba alikuwa Lindi. Mimi nililelewa Kariakoo kwa mjomba, kaka yake mama, tangu mama alipofariki, lakini baba hakutoka Lindi na hakutaka kutoka. Nyumba yake ilikuwa chini ya njia ya ndege. Kila ile ndogo ilipopita kutua, alinyoosha kidole juu akawaambia wazee wenzake barazani, "Hiyo kaipima mwanangu." Hata siku nilizokuwa likizo alisema hivyo hivyo. Alinifurahisha, na wakati mwingine alinikera, maana nilipokwenda kumwona hakuniuliza habari zangu, aliniuliza habari za ndege.

Aliyempenda kwa kumpenda alikuwa mdogo wangu, kitindamimba. Na huyo ndiye aliyekosana naye. Baba alikuwa amemtafutia mume, mtoto wa ndugu yake, watu wameshakubaliana. Mdogo wangu akaolewa bomani hapa Dar na kijana wa Songea, Mkristo, bila kumwambia mtu. Baba alituma neno kwamba asikanyage kizingiti chake. Miaka minne ikapita hivyo. Mdogo wangu alikuwa mkaidi kama yeye, akasema hataenda mpaka aitwe.

Kwetu, mzazi akifa hajakuridhia, unabaki nalo hilo mpaka na wewe unaingia kaburini. Hakuna wa kukufungulia. Mdogo wangu alijifanya halimsumbui, ila nilijua linamsumbua, maana alikuwa hapiti kwangu bila kuuliza, "Baba hajambo?" halafu anageuka kutazama pembeni.

Sasa, mwaka ule mizani yetu ya ofisi ilikufa. Springi ilikatika. Fundi akaitazama, akasema spea inatoka nje, na ya nje inataka fedha za kigeni, na fedha za kigeni zina foleni yake kuliko ya sukari. Miezi mitatu tukakaa bila mizani. Mizigo tulipima kwa ndoano, watu niliwakisia kwa jicho. Rubani alivumilia mwanzo, mwisho akachoka. Akaja ofisini mwenyewe, akasema kwa heshima zote, "Ndugu, jicho lako nalipenda, lakini siwezi kuandika jicho kwenye karatasi zangu. Nitafutie mizani."

Nikakumbuka kwa mjomba. Mjomba alikuwa mnunuzi wa mbata na makopa, na nyumba yake ya Kariakoo, nyuma ya barabara ya Msimbazi, haikukosa mizani. Nilikwenda jioni na gari la ofisi. Mjomba alikuwa Mkuranga kununua nazi, nikamkuta mkewe. Ya mlangoni ilikuwa kazini, kuna mtu anapimiwa, basi akaniambia nichukue ile ya uani, haina kazi mpaka mzigo ufike. Mizani ya magunia, ya chuma, ina jukwaa la kusimamia na mkono wenye jiwe la kusogeza. Nikashukuru, tukaipakia.

Asubuhi yake nikafanya nilivyozoea. Zamani, kabla ya abiria, nilipanda mizani mwenyewe, maana nilijijua: sitini na nane, haiongezeki haipungui, na mizani ikinisema vingine najua ina ugonjwa. Nikapanda. Nikasogeza jiwe. Sitini na moja.

Wallahi nilifurahi! Nilisema, shida hii imenifaa. Miezi mitatu tulikuwa tunakula unga wa yanga, ule wa njano, kwa mchicha usio na mafuta, nyama tumeisahau sura. Nani hakupungua? Sketi yangu nilikuwa nimeishonea upya kiunoni. Dereva wa gari letu akapanda, akapungua. Karani wa tiketi akapanda, akapungua, akalalamika kwamba mumewe ataanza kutazama pembeni. Tukacheka. Abiria wakaanza kuja, na kila mmoja jicho langu lilisema hivi, mizani ikasema pungufu. Jicho themanini, mizani sabini na mbili. Nikasema basi, jicho langu ni la siku za neema, halijazoea watu wa dhiki. Nikaliambia jicho linyamaze.

Wiki ile, ile ndogo ilikuwa na kilo zilizobaki kila safari. Benchi lilikuwa linaisha! Watu wakanipenda, niliitwa mama wa huruma. Rubani tu ndiye aliyerudi na uso umekunjwa. Alisema ndege ni nzito, inakula uwanja mzima kabla haijanyanyuka, injini zimechoka. Mafundi wakazifungua, wakabadilisha plagi, wakasafisha kila kinachosafishika, hawakuona kitu. Akauliza, "Hesabu zako sawa?" Nikamjibu kwa ukali kwamba sasa nina mizani, si jicho. Akaniomba radhi.

Jumamosi simu ya maandishi ikaja kutoka Lindi. Baba mahututi, anamwita mdogo, njooni. Niliisoma mara tatu. Anamwita mdogo. Nikaenda mbio kwa mdogo wangu, nikamwonyesha. Aliingia ndani akaanza kufunga nguo, akafunga, akafungua, akafunga tena. Kisha akakaa chini akalia kama mtoto.

Jumapili kulikuwa na safari moja, Kilwa na Lindi, kisha mpaka Jumatano. Barabara ilikuwa imekatika. Hakukuwa na njia nyingine duniani. Mdogo wangu alikuwa kwenye benchi tangu ofisi inafunguliwa, kanga yake ya zambarau, kikapu kidogo, ndani amemwekea baba shuka jipya na halua. Mimi sikuweza kwenda. Hata kama kungekuwa na nafasi ilikuwa moja, na baba alikuwa amemtaja anayemtaka.

Niliwapima nane wenye tiketi. Namkumbuka mama aliyetoka hospitali na mtoto mwenye mshono tumboni, mwalimu mmoja, wazee wawili wa Kilwa wanaogombana kuhusu dirisha. Kulikuwa na magazeti na kasha la dawa za hospitali ya Lindi. Nikajumlisha. Hesabu ya rubani mia saba na ishirini, yangu mia sita hamsini na tano. Zimebaki sitini na tano. Nikamwita mdogo wangu mizanini kama ninavyoita mtu yeyote, vua viatu, usishike ukuta. Yeye hamsini, kikapu tisa. Nikamwandika. Sikumpendelea, na hilo nalisema mpaka leo: kulikuwa na bwana mmoja benchini, mwenye mwili, hata yeye aliona mwenyewe kwamba haingii.

Mdogo wangu alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Dada, nitamkuta?" Nikamwambia utamkuta, panda gari. Gari letu likaondoka saa saba mchana. Zilikuwa zile Jumapili ambazo magari ya watu hayakuruhusiwa barabarani kuanzia saa nane, kwa ajili ya kubana petroli, basi dereva aliwahi. Ndege ilikuwa ya saa tisa na nusu. Nilifunga ofisi, nikavuka Mnazi Mmoja kwa miguu, nikaenda Kariakoo kwa mjomba kumpa habari za shemeji yake.

Nilimkuta ndiyo kwanza amerudi, ananawa mikono. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mwanangu, karibu chakula." Nikamweleza habari za baba, akasikitika sana, nikamweleza kwamba mdogo ameshapata ndege, Mungu mkubwa, kilo zilibaki. Na kwa kuwa nilikuwa na furaha nikamshukuru kwa mizani yake, kwamba bila ile leo mtoto asingepata nafasi.

Mjomba aliacha tonge mkononi. "Umechukua ipi?"

"Ya uani. Mkeo kanipa."

"Mnapimia nini?"

"Watu, mjomba. Kazi yangu ni gani?"

Akamtazama mkewe, mkewe akatazama chini. Mjomba akasema taratibu, hata hakunitazama, "Mwanangu, ile ya uani ni ya kununulia."

Jamani. Mimi ni mtoto wa Kariakoo. Nimekua nikilala chumba cha pili kutoka uani pale, nimecheza juu ya mizani zile. Kila mtu Kariakoo anajua kwamba mfanyabiashara ana mizani mbili, ya kuuzia na ya kununulia, na hazisemi lugha moja. Mkulima analeta kilo mia za mbata, ya kununulia inasoma tisini. Jiwe lake lile la kusogeza limechimbwa ndani likajazwa risasi. Nilijua hayo kama ninavyojua jina langu, na sikuyakumbuka, kwa sababu nilikuwa nimeshaamini ni njaa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilipiga hesabu pale pale kwenye mkeka. Ile mia saba na kumi na nne yangu ilikuwa mia saba na tisini na kitu. Ndege imezidi kilo sabini na zaidi. Kilwa imenyesha wiki nzima, kiwanja ni tope. Na mdogo wangu yumo.

Mjomba alikuwa anasema kila mnunuzi anayo, kila mnunuzi anayo. Nilitoka bila viatu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mzee wa Kihindu, muuza vipuri vya cherehani, akiishi na familia yake juu ya duka, na yeye ndiye aliyekuwa na simu karibu. Nilimwita nikiwa chini, akachungulia dirishani na kijiko mkononi. Nikasema ndege, simu, watu watakufa. Hakuniuliza la pili. Alishuka mwenyewe akafungua duka.

Nikazungusha namba ya uwanja wa ndege, inatumika. Nikazungusha tena, inalia, hakuna mtu. Mzee akaniletea kiti, nikakikataa. Mara ya tatu wakapokea, nikawaambia nimtakaye ni rubani wa ile ndogo, mkimbilieni. Nilisikia miguu ikienda. Nilisikia miguu ikirudi.

"Ndugu rubani," nikasema, "mizani yangu ni mbovu. Kila kilo kumi nimeandika tisa. Wiki nzima."

Rubani akasema, "Kumbe si injini." Hakunitukana. Angenitukana ingekuwa afadhali. Nikamsikia anahesabu kwa sauti ndogo. "Mafuta siwezi kupunguza, Lindi hakuna tone, lazima niwe na ya kurudia. Kasha la dawa halishuki. Magazeti nashusha. Vikapu peke yake havitoshi. Lazima na mtu mmoja." Halafu akauliza alichopaswa kuuliza. "Nani ameingia kwa kilo zilizobaki?"

Nitasema kweli, nimeshazeeka, simwogopi mtu. Nilitamani kusema uongo. Ulikuwa tayari mdomoni. Yule mwalimu, kwa mfano, angesubiri Jumatano, asingekufa mtu. Rubani angeniamini, asingejua. Na pia nilitamani kukata simu, kujiambia kwamba wiki nzima imepanda hivyo hivyo na leo itapanda. Mzee wa Kihindu alikuwa amesimama pembeni akinitazama, anadhani nimesahau.

"Dada mmoja," nikasema. "Kiti cha nyuma kabisa. Kanga ya zambarau."

"Ana udhuru?" Rubani alikuwa mtu wa huruma. Ningesema baba yake yuko mahututi, angetafuta njia ya kumshusha mwingine.

Lakini mimi niliwapima wote. Nilijua yule mama ana mtoto mwenye mshono, nilijua mwalimu naye alikuwa anafuata nini, nilijua sheria ya benchi, nimewashusha watu miaka sita kwa sheria hiyo hiyo bila kuwahurumia. "Kila mtu ana udhuru, ndugu rubani," nikasema. "Mshushe huyo."

Nikaweka simu. Nikakaa kwenye kile kiti nilichokikataa. Mzee akaniletea maji. Nililia dukani mwake, kati ya masanduku ya sindano, na yeye akaenda kusimama mlangoni akanipa mgongo nilie vizuri. Sijawahi kumlipa wema ule.

Mdogo wangu alifika kwangu magharibi. Mabasi yalikuwa machache Jumapili ile, akatembea kutoka uwanja wa ndege mpaka Kariakoo na kikapu chake kichwani. Alikitua mlangoni. Hakuingia.

"Ni wewe?" akaniuliza.

"Ni mimi."

"Rubani alisema simu imetoka mjini, kwa mpimaji. Nikamwambia mpimaji ndiye aliyeniweka, hawezi kunishusha. Akanitazama tu, akanibebea kikapu mpaka chini."

Nikamweleza yote, mizani ya uani, risasi, mjomba. Alisikiliza amesimama. Miguu yake ilikuwa imejaa vumbi mpaka magotini.

"Nisingeshuka, wangekufa?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, mdogo wangu. Pengine ingepanda."

Akacheka kicheko kibaya. "Mizani haina mjomba," akasema. Akachukua kikapu chake akaenda kwake.

Baba alifariki alfajiri ya Jumatatu, akazikwa siku hiyo hiyo. Simu ilinikuta ofisini. Matanga ya Dar tuliyaweka kwa mjomba, na mjomba alikaa kwenye mkeka siku tatu hanitazami. Siku ya nne alilitoboa lile jiwe mwenyewe mbele yangu, risasi ikamwagika uani, akasema, "Basi." Kama ilikuwa basi kweli mimi sijui, sikumchunguza. Ofisini niliandika barua ya kosa langu kwa mkono wangu, nikapewa onyo, na mwezi haukuisha springi ikapatikana. Loo, kumbe fedha za kigeni zilikuwepo!

Rubani nilimwuliza kuhusu Kilwa. Akasema tope liliwavuta, waliipita minazi, Mungu alisaidia. Nikamwuliza, na kilo sitini zaidi? Akasema, "Usiniulize hilo." Na mimi sikumwambia dada wa kanga ya zambarau ni nani. Alikuja kuambiwa na wengine, akaja ofisini akasimama mbele ya meza yangu muda mrefu, akaondoka.

Mdogo wangu hakusema na mimi mpaka karibu na arobaini. Alikata tiketi kama mtu yeyote, akaja kupimwa. Alivua viatu kabla sijamwambia.

"Pima vizuri," akasema.

Nilipima vizuri. Alikuwa hamsini na moja kwa mizani nzima, wakati ile hamsini ya mizani ya uani ilikuwa hamsini na tano kweli, mwili umemwisha. Nikaandika, akaenda.

Aliporudi baada ya wiki alikuja moja kwa moja kwangu. Nilikuwa namenya muhogo. Akachukua kisu cha pili akakaa, akaanza kumenya, akaanza kusimulia bila kuinua macho. Alisema ile Jumapili jioni, ile ndogo ilipopita juu ya nyumba, baba alifumbua macho akasema, "Huyo kaja." Akaagiza kuku achinjwe. Watu walikwenda uwanjani, wakarudi mikono mitupu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Macho yake yalikuwa yameshapungua nuru. Shangazi akamchukua binti wa jirani, rika lake mdogo wangu, akampeleka kitandani, binti akapiga magoti. Baba akamwekea mkono kichwani. Akasema, "Nimekuridhia, mwanangu. Nimekuridhia tangu zamani, ni ukaidi tu."

Mdogo wangu alisema yule binti alimvuta nyuma ya nyumba siku ya arobaini kabla hata hajanawa miguu. Alimwambia, hiki si changu, siku arobaini nimekaa nacho usingizi sipati. Akampigisha magoti mchangani, akamwekea mkono kichwani, akasema maneno yale yale kama alivyoyapokea. "Nimeyapata," mdogo wangu aliniambia. "Yamefika kwa kuzunguka, lakini nimeyapata." Akalia kidogo, akajifuta kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na utomvu.

Tuliendelea kumenya. Nilifurahi kwa ajili yake, nilifurahi kweli. Lakini kuna jambo nilikuwa nalo siku zote zile ambalo hakuna aliyeniuliza, kwa sababu mwenye ugomvi na baba alikuwa yeye na mwenye kuitwa alikuwa yeye. Mimi pia nilikuwa na baba. Na mimi pia sikumwona.

"Mimi hakuniulizia?" nikasema.

Mdogo wangu aliacha kumenya, nikajuta kuuliza. Kisha akasema, "Shangazi alimwuliza. Alimwambia, na yule mkubwa je, tumpigie simu aje? Baba akasema mwacheni, yuko kazini." Akaweka kisu chini. "Akasema, kwani ndege hamkuisikia?"